Mbiu Isiyopigwa Mabawe

Sura ya Saba

Lori lilikuwa limekwisha kuegeshwa uani mwa kituo cha polisi, turubai limekazwa na dereva amelala kivulini pake, wakati Inspekta Twaha Ruhinda alipofunguliwa mlango wa mahabusu kuzungumza na mtu ambaye lori hilo lilikuwa likimngojea.

"Wamekwambia unapelekwa wapi?" aliuliza.

"Ng'ambo," alijibu Ndayisenga. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Wamesema leo alasiri nivushwe mpaka, nirudi kwetu Burundi. Afande, mimi kwetu ni Mabawe, hapa hapa Ngara. Baba alivuka mwaka wa sabini na mbili, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Hata jina la mlima tuliotoka silijui vizuri. Na wanaosimamisha watu barabarani kule, siku hizi, hawangoji mtu akumbuke: wanaua."

Mashtaka yalikuwa mepesi kusimulia. Mtoto Ishimwe, mwana wa Uwimana, mkimbizi wa Rwanda aliyekuwa kambini tangu mwaka uliopita, alikuwa na kikohozi. Mama yake akanunua asali, akamlisha vijiko kwa vijiko. Mtoto akatapika matapishi ya kijani, na kabla jua halijachwa akawa amekufa. Wengine walionunua asali hiyo waliugua wakapona. Muuzaji alikuwa Ndayisenga. Watu wa kambini walijaa mbele ya kituo na mawe mikononi, na mkuu wa kituo, badala ya kutafuta haki, akatafuta utulivu. Wakubwa wakamwafiki: Mrundi avushwe, ghasia ziishe. Kesi bila hakimu, hukumu bila kesi.

"Dumu ulilouzia nimelichunguza," Twaha alisema. "Lilikuwa la mafuta ya msaada, na mliliosha kwa majivu. Lakini nimekwenda nyumbani kwako, mkeo akanionyesha asali iliyobaki mtungini, ambayo haikupata kuingia dumuni kamwe. Nimeigusa kwa ncha ya ulimi. Ina ladha ya sarafu. Kwa hiyo ubaya haukutoka dumuni. Sasa nijibu hili, maana ndilo wanalokufungia: kwa nini wewe mwenyewe hukuionja?"

Ndayisenga aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Mama alifariki kabla ya mavuno. Kwetu aliyefiwa haonji asali mpya mpaka siku ya kuganduka, siku ya kuvua matanga. Mimi sionji, mke wangu Felisita haonji, watoto hawaonji. Tunaweza kuiuza, kuila hapana."

"Hukulisema hili?"

"Nililisema. Aliyekuwa akiandika aliniuliza kuganduka ni ugonjwa gani. Kisha wakacheka wote."

Twaha alifumba mkono wake wa kulia akaufumbua tena. "Nani mwingine ana mizinga kwenye mlima wenu pale Mabawe?"

"Mzee Protasi, upande wa juu. Yeye hajarina bado, anangoja arusi ya binti yake. Na Bwana Evaristi, ndani ya bustani yake ya michungwa. Yeye ana mingi kutushinda sote."

"Asali ya Evaristi imeuzwa?"

"Afande, matajiri hawauzi asali dumuni. Wanaila na wageni."

Inspekta alitoka. Ukumbini, mkuu wa kituo alimwonyesha kwa kidole saa ya ukutani. Twaha alimchukua Konstebo Fideli na ufunguo wa gari, akaondoka.

*

Mzee Protasi aliwapokea na kifukizo cha moshi mkononi, kana kwamba alijua walichokifuata.

"Shikamoo, mzee," Fideli alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kunikamata na mimi? Maana sisi wenye nyuki sasa tunaliwa mmoja mmoja."

"Tumekuja kukuomba sega moja," Twaha alisema. "Kutoka katika mzinga ambao hujaugusa tangu nyuki walipouingia."

Mzee alipanda mti kwa wepesi uliomtahayarisha Fideli, akatia moshi, akashuka na sega pana juu ya jani la mgomba. Twaha aliligeuza juani. Kila kitundu kilikuwa kimefunikwa kwa nta, kifuniko juu ya kifuniko, bila mwanya hata wa sindano. Akatumbua kimoja kwa ncha ya kisu. Asali iliyochuruzika ilikuwa na rangi ya maji ya bwawa lenye ukoga.

"Fideli, tazama vizuri, kwa sababu utakuja kuulizwa mahakamani. Kabla hatujalitumbua, vifuniko hivi aliviziba nani?"

"Nyuki, afande."

"Kuna binadamu awezaye kutia sumu chini ya kifuniko cha nta, kisha akakiziba kama kilivyozibwa na nyuki?"

"Hayupo."

"Basi sumu hii iliingia mzingani kabla ya kifuniko, mdomoni mwa nyuki. Na mzinga huu si wa Ndayisenga." Alilifunga sega katika jani. "Wamemfungia mtu kosa la mdudu. Na mdudu naye hana kosa. Kuna aliyemwekea mezani."

Protasi alitema mate pembeni. "Mwaka huu nyuki wangu wamekufa wengi. Asubuhi nawakuta chini, ulimi nje. Nilidhani ni laana ya vita."

"Laana hiyo ina bomba mgongoni, mzee. Bustani ya Evaristi inapuliziwa dawa lini?"

"Michungwa inapotoa maua. Ugonjwa wa ukungu unashika maua yakiwa wazi, basi naye anapuliza wakati huo huo. Lakini hatujui siku. Zamani, mtu akitaka kuchoma mlima au kumwaga chochote kibaya, alipiga mbiu jioni: wenye mizinga, zibeni! Tukaziba milango kwa udongo na nyasi, nyuki wakashinda ndani siku hiyo, wakapona. Hata mtu mliyekosana naye hukumnyima mbiu. Ungemnyima maji, ungemnyima salamu, mbiu hapana."

"Na Evaristi alipiga mbiu?"

"Evaristi?" Mzee alicheka bila furaha. "Evaristi siku hizi anapiga honi tu."

*

Bustani ilianza pale miti ya Protasi ilipokoma, michungwa mistari kwa mistari ikiteremka bondeni. Twaha alisimama kwenye mti wa kwanza. Kingo za majani zilikuwa zimeungua, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Chini ya maua kulikuwa na nyuki wakavu, wepesi kama pumba.

Penye banda la kufungia matunda palikuwa na mwanamume akisuuza bomba la kupulizia. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwiko. Alijitaja kuwa Matiasi, fundi wa dawa, na alilitamka neno fundi kama mtu atajaye cheo.

"Unapuliza mrututu, ile chumvi ya shaba," Twaha alisema.

"Afande anajua dawa!"

"Nimelelewa kwenye kahawa, Bukoba. Kwetu mrututu huchanganywa na chokaa. Chokaa hutuliza ukali wake, na ndiyo huigandisha dawa kwenye jani, isioshwe na mvua. Majani yako yameungua, Matiasi. Chokaa iko wapi?"

"Ah! Chokaa mwaka huu utaipata wapi? Yote imenunuliwa, imekwenda kumwagwa kwenye vyoo vya kambi. Nimezunguka Ngara nzima, nimekwenda mpaka Biharamulo. Hakuna." Akajipiga kifua kwa kidole cha buluu. "Lakini fundi hashindwi. Nikatafuta gundi yangu mwenyewe. Natia umutobe."

"Juisi ya ndizi mbivu?"

"Ndiyo hiyo hiyo tunayotengenezea pombe! Inanata, afande, inanata kama dhambi. Mvua inanyesha, dawa ipo tu. Bwana alinisifu mbele ya watu."

Fideli alianza kusema kitu. Twaha alimzuia kwa jicho.

"Juisi tamu," Twaha alisema taratibu, "iliyochanganywa na mrututu usiotulizwa, juu ya maua, mchana wa jua. Nyuki wanakuja?"

"Wanakuja wengi mno! Wanainywa kwenye majani kama walevi wa siku ya soko." Matiasi alicheka peke yake.

Twaha alitazama ng'ambo ya banda, ambako mizinga ya Evaristi ilikuwa imepangwa juu ya miti ya mipaka. Milango yake yote ilikuwa imezibwa kwa udongo. Juu ya udongo wa zamani uliopasuka palikuwa na tabaka jipya, na juu yake jingine bichi zaidi.

"Ile nani aliiziba?"

Matiasi aliinamia bomba lake. "Hayo muulize bwana."

"Na makasha haya ya machungwa mbona yamelala hapa, hayajapelekwa kambini?"

"Lori halipo. Bwana amewaazima polisi, kuna mhalifu wa kuvushwa."

Ilimchukua Fideli muda kuelewa. Alipoelewa, aliitamka kwa sauti: "Lori lile la pale kituoni ni lake!"

"Alhamdulillahi," Twaha alisema, na uso wake haukuwa na shukrani hata chembe. "Mwenye sumu ametoa na jeneza. Matiasi, weka bomba chini. Unatangulia mbele."

*

Evaristi alikuwa barazani, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Aliwakaribisha viti, akaagiza chai, akawapa pole ya kazi.

"Sinywi," Twaha alisema. "Niletee bilauri ya maji na ndimu moja, inatosha."

Vikaletwa. Inspekta akakamua ndimu ndani ya maji, akamimina humo asali ya kijani kutoka katika jani la mgomba, akakoroga. Kisha akatoa kisu chake cha chuma, akakisugua kwa mchanga wa kwenye chungu cha maua hata kikang'aa, akakitumbukiza bilaurini, akakiacha humo. Evaristi alikitazama kisu. 

"Nimekuja kwa habari ya mtoto aliyekufa," Twaha alianza.

"Habari ya kusikitisha. Hawa watu tuliwapokea, afande, tukawapa ardhi, na malipo yao ni haya. Mimi nimetoa lori langu kwa moyo mmoja."

"Tumeliona. Unakula asali, Bwana Evaristi?"

"Nani Mhangaza, mwenyeji wa Ngara hii, asiyekula asali?"

Twaha alisukuma kipande cha sega mbele yake. "Karibu."

Evaristi alirudisha kiti nyuma. "Hiyo ya yule Mrundi? Hapana."

"Si yake. Imetoka sasa hivi kwa Mzee Protasi, jirani yako, na konstebo ni shahidi. Sega limezibwa na nyuki wenyewe."

"Sina hamu."

"Kidogo tu. Protasi hajafungwa, hajashukiwa, hajauza. Hakuna aliyeugua kwa asali yake."

"Nimesema sina hamu!"

"Sina siku nzima, kwa hiyo nitakuuliza mara moja. Ikiwa sumu ilitiwa na Ndayisenga kwa mkono wake, asali ya Protasi ina kosa gani hata uiogope?"

Evaristi alifuta jasho la juu ya mdomo kwa leso, akasema: "Tahadhari si kosa."

"Kweli. Twende kwenye tahadhari. Mizinga yako umeiziba kwa nini?"

"Nyuki huwauma wapulizaji wangu."

"Wa kwako tu ndio wanaouma? Wa Protasi hawaumi? Wa Ndayisenga wana adabu?" Twaha aliinuka. Sauti yake haikupanda, ila kila neno lilitoka limenyooka kama msumari. "Ungewahofia wapulizaji, ungetaka mlima mzima uzibe. Mbiu moja jioni ingetosha. Lakini umeziba yako, safari baada ya safari, udongo juu ya udongo, nawe umenyamaza. Mtu huziba mlango wa nyuki kwa sababu anajua kilichoko nje. Nani alikufunza kujua?"

"Huna ushahidi wa chochote."

Twaha alikitoa kisu bilaurini, akakiweka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Pale kilipozama kilikuwa chekundu, chekundu cha shaba, mpaka uliochorwa sawasawa na mstari wa maji.

"Kila mkulima wa kahawa anaijua alama hii. Tunatia kisu kwenye dawa. Kikitoka chekundu, mrututu haujatulia, ongeza chokaa. Hii si dawa, Bwana Evaristi. Hii ni asali ya arusi ya binti wa Protasi." Akageuka. "Matiasi! Mlipoanza kutia umutobe, kabla hamjaanza kuziba, asali ya bwana ilikuwaje?"

Matiasi alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono ya buluu imening'inia. Alimtazama bwana wake, akaitazama pingu kiunoni mwa Fideli, akavitazama vidole vyake mwenyewe.

"Nyamaza, mjinga wewe," Evaristi alisema.

"Mjinga?" Matiasi alisema. "Jana nilikuwa fundi." Akamgeukia Twaha. "Ilitoka kijani, afande. Mpishi aliionja akatapika mpaka akalazwa. Bwana akasema izikwe, masega na nta yote, nyuma ya zizi. Naweza kuwaonyesha. Na akasema tangu siku ile tuzibe yetu, na mtu asiseme."

"Kwa nini asiseme?" Twaha alimwuliza Evaristi.

"Unajua mashirika ya misaada yanayonunua machungwa yangu yanavyokagua?" Sasa mtu yule alikuwa akipiga kelele, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. "Ningepiga mbiu, kesho yake wangeuliza machungwa yanapuliziwa nini! Sikumuua mtu! Nimetia dawa mitini mwangu! Nyuki ni wa Mungu, wanakwenda watakako!"

"Nyuki ni wa Mungu. Mbiu ilikuwa yako." Twaha alichukua kisu, akakifunga ndani ya kitambaa cha meza. "Ulijua kabla mtoto hajafa, ukanyamaza. Ukajua alipokufa, ukanyamaza. Ukamwona jirani akibebeshwa maiti yako, nawe hukunyamaza tena: ukatoa lori. Simama. Fideli, mfunge."

Nyuma ya zizi, jembe la Matiasi halikushuka sana kabla halijagonga nta. Ilikuwa imegandamana na udongo, na ndani ya mapande yake kulikuwa na utando wa kijani kama kutu ya mtungi wa shaba.

*

Walipofika kituoni, injini ya lori ilikuwa inanguruma. Ndayisenga alikuwa amekwisha kupandishwa, mikono imefungwa kwa kamba, askari wawili ubavuni. Nje ya ua watu wa kambini walisimama kimya, na mbele yao alisimama Uwimana, kitenge kimefungwa kifuani kama wafanyavyo waliofiwa.

Twaha aliliweka gari lake mbele ya pua ya lori, akazima moto, akatia ufunguo mfukoni.

"Ondoa gari," mkuu wa kituo alisema. "Amri imetoka juu."

"Shahidi wa Jamhuri havushwi mpaka, mkuu."

"Shahidi gani?"

"Yule uliyemfunga kamba." Akafungua mlango wa nyuma wa gari lake. Evaristi aliteremka na pingu, na shati jeupe lilikuwa limeingia udongo. Mkuu wa kituo alirudi hatua moja, kwa kuwa asubuhi ile ile alikuwa amempigia simu mtu huyo kumshukuru. Twaha aliweka juu ya boneti sega la Protasi, pande la nta lililofukuliwa na kisu chekundu, akaeleza kwa maneno machache, kwa sauti iliyofika nje ya ua.

"Wakubwa watasemaje?" mkuu wa kituo alinong'ona.

"Watasema kwamba ulipokea lori la muuaji ili umpoteze asiye na hatia. Mimi nitaulizwa mahakamani kama ulijua. Niambie sasa, ili niwe na la kujibu."

Mkuu wa kituo aliwapigia kelele askari wake, kwa hasira iliyokosa mahali pengine pa kwenda, kwamba wamfungue mtu yule haraka, wamfungue, wanangoja nini.

Ndayisenga aliteremka mwenyewe. Alisugua vifundo vya mikono, akapita mbele ya mkuu wa kituo bila kumtazama, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Uwimana. Hakusema kwamba hana hatia. Alisema kwa Kirundi, lugha iliyokaribia ya mama yule, kwamba alimwuzia asali ile, na kwamba hakujua. Uwimana aliitikia kwa kichwa. Ndipo akamgeukia Evaristi, na umati nyuma yake ukasogea, na baadhi wakainama kuokota mawe.

Twaha aliingia kati, mgongo kwa Evaristi, uso kwa mawe. "Huyu ni wa hakimu," alisema. "Atakayemgusa atalala naye chumba kimoja."

Uwimana aliinua mkono. Walioinama wakabaki wameinama. Alinena kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, na Fideli akafasiri kwa ajili ya inspekta.

"Anauliza, ni kweli nyuki wake yeye aliwafungia mlango?"

"Jibu," Twaha alisema bila kugeuka.

"Ndiyo," alisema Evaristi.

Mama yule alinena tena, maneno machache, kisha akashika njia ya kambini, na watu wakampisha.

"Anasema nini?" Twaha aliuliza.

Fideli alifasiri. "Anasema na yeye alikuwa na mlango. Ulikuwa wa turubai tu. Lakini kama angeambiwa, angeufunga."

Twaha aligeuka ili aone kama maneno yale yamefika. Hayakuwa yamehitaji mfasiri. Evaristi alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa.